Elinaza, Siku Nne

Siku ya soko mjini Same, mwenye haraka hubaki nyumbani. Elinaza hakuwa na haraka, alikuwa na mgongo. Alikuwa ameinama juu ya rundo la viatu vya mitumba, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukichimba, sketi yake ya bluu ya ofisini imeshakunywa vumbi mpaka magotini. Raba moja ya kijani ilikuwa imemteka: soli nene, kamba mpya, saizi thelathini na tisa. Ya kushoto. Ya kulia haikuonekana.

"Kaka Idrisa, hii ina mwenzake?" alimuuliza muuzaji.

"Anaye, dada. Endelea kuchimba, humo mna ndoa nyingi zimetengana."

Akachimba. Alipoinua kichwa ili aupumzishe mgongo, akaiona ya kulia. Ilikuwa mkononi mwa mwanamume mmoja upande wa pili wa rundo, mrefu, shati la mirabaraba limepigwa pasi likanyooka, spana imechomoza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Naye alikuwa anachimba, anatafuta ya kushoto.

"Samahani, hicho kiatu ni changu," Elinaza alisema.

"Na hicho ulichoshika ni changu. Tena mimi nina cha kulia, na mtu aliyefundwa huanza na cha kulia."

"Mguu wako huo ukiuingiza humu, kiatu kitaomba likizo."

Idrisa alicheka. Yule mwanamume aliutazama mguu wake, akakiri kwa kichwa. "Ni cha mama yangu. Anapanda mlima kila siku. Wewe mwenzangu unapanda nini?"

"Ngazi."

"Ngazi ngapi?"

"Kumi na mbili. Za ofisini." Kisha, kwa kuwa mgongo ulikuwa umemfikisha mahali pa kutokuona haya, akaongeza, "Daktari kaniambia mgongo wangu hauna ugonjwa, umechoka kukaliwa. Kasema nitembee."

"Utembee uende wapi?"

"Popote. Halafu nirudi."

"Yaani mtu anatoka kwake, haendi mahali, kisha anarudi?"

"Ndiyo mazoezi hayo."

"Kwetu mtu akifanya hivyo tunaita majirani." Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono juu ya rundo, raba ya kulia juu ya kiganja kama anayetoa sadaka. "Chukua. Mama nitamtafutia nyingine. Mimi naitwa Sadock, fundi bomba. Naomba namba yako, niwe naulizia hali yake."

"Hali ya nani? Ya mama yako?"

"Ya kiatu."

Elinaza alikuwa na miaka thelathini na tatu na alikuwa ameshaombwa namba kwa mbinu za kila aina. Hii ilikuwa mpya. Akaitoa.

*

Kazi yake ilikuwa masijala, katika ofisi moja ya mjini hapo. Alipewa majalada ya zamani, ya karatasi zilizokwisha kugeuka rangi ya chai, ayahamishie kwenye kompyuta. Majalada elfu tisa. Saa moja na nusu asubuhi anakaa, saa tisa na nusu anainuka, na akiinuka kiuno chake kinafunguka kwa awamu, kama mlango wa stoo. Miaka mitatu sasa. Alikuwa amefika jalada la elfu tano na mia mbili.

Jumatatu, saa nne kamili, simu ikaita.

"Kiatu hakijambo?" Ilikuwa sauti ya Sadock.

"Kiko chini ya meza."

"Na mwenye kiatu?"

"Yuko juu ya kiti."

"Toka saa ngapi?"

"Toka asubuhi. Ndiyo kazi, fundi."

"Basi simama. Mimi hapa niko juu ya tenki la mtu, nimeshika bomba kwa mkono mmoja, jua linanipiga. Siwezi kuongea na mtu aliyekaa, ni kama naongea na mkuu wa mkoa."

Elinaza akasimama. Na kwa kuwa mtu aliyesimama katikati ya ofisi akiongea na simu huonekana kituko, akatoka nje, akauzunguka mwarobaini wa uani, mara moja, mara kumi. Alipokata simu dakika kumi na tano zilikuwa zimepita, na mgongo haukuwa umemwambia neno.

Ikawa ndiyo desturi. Saa nne anapiga yeye Sadock, saa nane anapiga Elinaza, na sharti ni moja: hakuna kukaa. Kati ya simu na simu akajifunza kuiba mazoezi pale pale kazini. Zamani alikuwa anabeba majalada ishirini kwa mkupuo ili asirudi kabatini. Sasa akawa anafuata matano matano. Mashine ikichapa karatasi, yeye anapanda na kushuka juu ya vidole vya miguu. Akimaliza jalada, anazungusha mabega. Jioni bodaboda wakimwita anawapungia mkono na kupita na raba zake za kijani, sketi ya ofisini na yote.

"Mwenzangu," Mwanaidi alimwambia, mfanyakazi mwenzake waliyetazamana naye meza kwa meza, mwanamke wa mtandio unaofanana siku zote na viatu, na ulimi usiolala, "huo mwarobaini utaanguka. Unauzunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba."

"Ni mazoezi."

"Najua ni mazoezi. Nauliza jina lake."

"Anaitwa Sadock."

"Nilidhani. Mazoezi yasiyo na jina hayamfanyi mtu apake wanja."

Hesabu ya hatua kwenye simu ilianza na elfu moja na mia tisa kwa siku. Baada ya mwezi ikawa elfu saba. Na kwenye hatua hizo Elinaza akamjua mtu. Akajua kwamba Sadock alikaa Mererani miaka minne akitafuta madini, akarudi na kikohozi na hadithi. Kwamba siku tatu za wiki ni fundi mjini, zilizobaki ni mkulima wa tangawizi kwao milimani, juu ya Mwembe. Kwamba akiulizwa jambo zito hujibu kwa utani kwanza, kisha hupiga tena baada ya dakika tano na kulijibu kweli.

"Mama Majalada," alimwambia siku moja, "leo umetembea ngapi?"

"Elfu nane."

"Zote hizo na bado hujafika kwetu? Jumamosi kijiji kizima tuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua ndiva, bwawa letu la maji. Tope limejaa, vuli inakuja. Njoo utembee kwenda mahali kwa mara ya kwanza maishani mwako."

"Mgongo wangu ukikatika?"

"Utapewa kazi ya mgongo mwepesi. Nami nitakuwepo, mpenzi. Nitaushikilia."

Alisema *mpenzi* harakaharaka, kama anayepita mbele ya mbwa. Elinaza alijifanya hakusikia, akauzunguka mwarobaini mara tatu zaidi.

*

Kuna jambo ambalo Elinaza hakuwa amemwambia. Miaka sita nyuma, akiwa likizo kwao Msangeni, alikaa kanisani Jumapili moja na gauni lake la maua, akamsikia mchungaji akisoma matangazo ya ndoa. Likasomwa jina la mwanamume wa Arusha, mtu aliyewahi kula naye chakula mara mbili. Likasomwa na la bibi harusi. Elinaza aligeuka nyuma kumtafuta huyo Elinaza mwingine. Hakuwepo. Barua ya posa ilikuwa imekuja, baba yake mdogo akaijibu kwa niaba yake, kwa nia njema kabisa, akapeleka majina kwa mchungaji. Kila mtu akadhani kuna mwingine aliyemuuliza. Alikataa. Kukataa ndoa iliyokwisha kutangazwa kulimgharimu: miaka mitatu hakualikwa hata kwenye kipaimara. Toka hapo alikuwa na kiapo kimoja tu, nacho hakikuwa cha kutoolewa. Alitaka kuulizwa. Akiulizwa, atajibu. Jina lake halitaandikwa tena mahali na mkono wa mtu mwingine kabla yeye hajafungua kinywa.

*

Jumamosi alipanda kwa miguu kutoka Mwembe, saa nzima, akifuata mfereji. Pembe la kuwaita watu kazini lilikuwa limeshalia. Ndiva yenyewe ni bwawa la watu wa kale, limezungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Maji ya mfereji hulala humo usiku, asubuhi hufunguliwa yashuke mashambani kwa zamu. Siku hiyo ilikuwa tupu, na watu arobaini walikuwa ndani ya tope wakicheka.

Sadock alikuja kumpokea na kaptula na matope mpaka mapajani. "Umefika kweli. Na raba za mama yangu."

"Ndizo hizo?" aliuliza mwanamke mmoja aliyekuwa anakoroga sufuria la makande, kitenge cha manjano kimefungwa kifuani juu ya gauni. Huyo alikuwa mama yake, Mama Yudith. Alizitazama raba, akamtazama aliyezivaa. "Zimekukaa. Zingenibana."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Msangeni, mama."

"Kumbe mtu wa milima ya Kaskazini. Basi hutaweza kilugha chetu, ila tope halina kabila. Ingia."

Wakampanga kwenye mstari wa wanawake wanaopokezana makarai, kila mtu nusu karai, unapokea kushoto unatoa kulia. Kiuno kilimuuma saa ya kwanza, ya pili kikanyamaza, saa ya tatu Elinaza akajikuta anaimba kiitikio cha wimbo ambao hakujua maana yake. Alirudi mjini akinuka bwawa. Akalala usingizi wa mtoto.

Akaenda Jumamosi ya pili. Na ya tatu. Mgongo ukawa habari ya zamani. Sadock ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya ndiva, kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, na kila kazi ikiisha alikaa juu ya ukuta na daftari, akiandika waliofika. Elinaza alipenda kumwangalia akiandika. Hakuwahi kujiuliza anaandika nini.

Jumamosi ya nne kazi ilikwisha. Mwenyekiti, mzee Aminieli, alichukua daftari akalisoma mbele ya wote, kama ilivyo ada, ili kila nyumba isikie jasho lake. Nyumba ya fulani, watu wawili, siku nne. Nyumba ya fulani, mtu mmoja, siku tatu. Kisha:

"Nyumba ya Sadock. Sadock, siku nne. Elinaza, siku nne."

Halafu wanawake wa mstari wa makarai wakapiga vigelegele.

Sheria ya daftari hilo kila mtu mlimani aliijua, na Elinaza, ingawa ni wa Kaskazini, alikulia kwenye sheria kama hiyo. Mgeni akisaidia hulishwa na kushukuriwa, haandikwi. Binti huandikwa nyumba ya baba yake. Mwanamke akisomwa kwenye nyumba ya mwanamume asiye ndugu yake, ameshakuwa wa nyumba hiyo. Kilichobaki ni kushona nguo.

Elinaza aliweka karai chini taratibu. Masikioni alikuwa anamsikia mchungaji wa Msangeni.

"Eli," Sadock aliita, akiwa ameshuka ukutani. "Mpenzi, ngoja nikueleze."

"Uliandika lini?"

"Jumamosi ya kwanza."

"Ya kwanza," alirudia. "Mwezi mzima nimeolewa, na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa." Hakupaza sauti. Akamuaga Mama Yudith, akamshukuru kwa makande, akashuka mlima peke yake.

*

Jumatatu saa nne simu iliita. Elinaza aliitazama mpaka ikachoka. Saa nane hakupiga. Jumanne vilevile. Alikaa kitini toka asubuhi mpaka jioni, akamaliza majalada kumi na tisa kwa siku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na Alhamisi kiuno kikaanza tena kufunguka kwa awamu.

"Umekaa hapo siku nne kama jalada lisilo na mwenyewe," Mwanaidi alimwambia. "Kosa la fundi nimelisikia. Sasa mgongo wako umekukosea nini?"

"Niache, Mwanaidi."

"Nakuacha. Ila mimi Idd iliyopita mume wangu aliniandika kwenye safari ya Tanga bila kuniuliza. Nilimnunia wiki mbili. Lakini nilikuwa namnunia huku natembea."

Elinaza alicheka bila kutaka, akainuka, akatoka uani. Alitembea bila simu. Haikuwa tamu, lakini ilikuwa hatua.

Jumatatu iliyofuata, saa saba na nusu, simu ikaita kutoka namba asiyoijua.

"Elinaza? Ni Mama Yudith."

Akasimama hapohapo. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Sikupigii kwa ajili ya mwanangu, ana mdomo wake. Nakupigia kwa ajili ya daftari, maana na mimi ni mtu wa ile ndiva. Juzi Jumamosi tulikuwa na mkutano wa zamu za maji. Sadock akaomba jina lako likatwe nyumbani kwake. Mzee Aminieli akakataa, daftari halijawahi kukatwa toka baba zetu. Basi huyo mtoto akapanda juu ya ukuta, akaandika maneno pembeni ya jina lako, akayasoma mbele ya kila mtu."

"Kaandika nini, mama?"

"Kaandika: *Huyu ni mgeni. Amekuja kwa miguu yake, amefanya kazi siku nne kwa hiari yake. Si wa nyumba hii. Hajaulizwa, na aliyeandika alikosea.* Wakamcheka. Mmoja akauliza, yaani miezi mitatu unaongea na binti wa watu hujamuuliza? Akasema sijamuuliza. Walicheka mpaka makande yakaungua." Mama Yudith alivuta pumzi. "Nimemzaa, nimemsomesha, kaenda Mererani karudi mikono mitupu, sikuona aibu. Juzi niliona aibu. Halafu usiku nikaona kama nimezaa mtu. Sijui umenielewa."

"Nimekuelewa, mama."

"Sikuombi kitu. Mgongo je?"

"Umerudi kuuma kidogo."

"Unakaa sana," alisema Mama Yudith, akakata.

Elinaza alibaki amesimama kati ya meza na kabati. Miaka yote aliyofanya kazi masijala alijua jambo moja: watu wana haraka ya kuandika na uvivu wa kusahihisha. Msangeni, siku ile alipokataa, hakuna aliyerudi madhabahuni kusema jina lilisomwa kimakosa. Walimwacha alibebe mwenyewe. Huyu alikuwa amepanda ukutani.

Akapiga yeye. "Uko wapi?"

"Same," Sadock alijibu, sauti imejaa tahadhari. "Nimemaliza kazi nyuma ya stendi."

"Nakuja. Tutembee."

*

Walikutana chini ya jua la saa nane, yeye na blauzi ya njano iliyofungwa mpaka kooni, Sadock na ovaroli lililolowa mpaka kiunoni. Walishika njia ya vumbi inayoelekea milimani. Kisha Elinaza akamsimulia habari ya kanisani, yote, mpaka miaka mitatu ya kutoalikwa.

Sadock hakutania. Alipojibu ilikuwa polepole. "Ningelijua hilo nisingeshika hata kalamu. Nilijiambia, huyu anabeba tope letu, nisipomwandika nitakuwa nimemwibia jasho. Na nyumba yake hapa haipo. Nikakuweka kwetu."

"Ulijua watu watasikiaje."

"Nilijua." Alipangusa uso. "Nisikudanganye. Nilijiambia hawatagundua. Halafu nikajiambia wakigundua, si vibaya, itakuwa imenisaidia. Nilikuwa naogopa kuuliza, Eli. Mtu niliyerudi kutoka Mererani mikono mitupu, nakuuliza na nini? Nikaona daftari liniulizie."

"Daftari halina mdomo."

"Sasa najua."

Wakaendelea. Mbuzi wawili waliwapisha. Elinaza alikuwa anaisikia miguu yake yote miwili, na mgongo umenyooka.

"Sasa huna daftari," alisema. "Unao mdomo."

Sadock alisimama katikati ya njia. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaona haina kazi, akaivaa tena.

"Elinaza, unataka kuolewa na mimi? Na kama hutaki, nitaendelea kukupigia saa nne usimame, maana kiuno chako hakina kosa. Na kama unataka muda, chukua. Nimeuliza, siondoki kwenye swali."

Alitaka kuchukua muda, angalau mpaka Ijumaa, ili swali lionekane zito. Lakini alikuwa amelingoja miaka sita, na sasa limefika mbele yake limelowa maji ya bomba, lenyewe, bila mwakilishi.

"Nataka," alisema.

"Unataka muda?"

"Sadock. Nataka kuolewa na wewe."

Fundi alicheka, kisha akageukia milima ili apanguse macho, akidai ni vumbi. Elinaza alimwachia vumbi lake. Akamshika mkono kwanza, kwa nguvu, mpaka zile sugu za spana kiganjani zikamkwaruza. Kisha, bila kuuachia, akatoa simu kwa mkono wa pili.

"Unampigia nani, mpenzi?"

"Ngoja." Simu ikapokelewa Msangeni. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema, uko salama?"

"Niko salama, natembea. Baba mdogo, kuna barua itakuja hapo. Ya posa."

Mzee huyo ndiye aliyepeleka majina kwa mchungaji, na katika miaka sita walikuwa wameongea habari za mvua, za mahindi na za misiba, hilo hawajawahi kuligusa.

"Ya nani, mwanangu?"

"Yangu. Ikifika ipokeeni, someni, mwandiko wake ni mzuri. Ila msiijibu. Jibu ninalo mimi, na nimeshampa."

Kuku alisikika akifukuzwa.

"Nimekusikia," baba mdogo alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Safari hii nimekusikia, Elinaza." Akakohoa, akajitafutia sauti yake ya kila siku. "Sasa sisi wazee umetuachia kazi gani?"

"Kazi ipo, baba mdogo. Siku ya harusi mtapanda mpaka kwao, na juu huko gari halifiki. Anza kutembea leo."